Hakuna Pingamizi

Wiki mbili zilizopita wenzangu wa idara ya ardhi walinivisha khanga mabegani, wakakata keki na kunikabidhi saa ya ukutani, kama afanyiwavyo mtu aliyefikisha miaka sitini. Mimi nina thelathini na tano. Mkataba wangu uliisha, nikaambiwa niandike barua ya kuomba mwingine, sikuandika. Tangu siku hiyo wananiita Mstaafu, na nyinyi wawili mlioingia mwaka huu mkanidai kumbukumbu, kwa kuwa wastaafu huandika kumbukumbu. Haya, pokeeni.

Habari za vyeo hamtazipata. Niliingia nikiwa afisa ardhi, nimetoka nikiwa afisa ardhi. Mstari huo umenyooka kuliko mpaka wowote niliowahi kupima. Nitaandika zaidi juu ya Bi. Mwanahawa, ambaye hamkumkuta ofisini, na juu ya fomu moja niliyoisaini bila haki ya kuisaini.

Nilikuja Morogoro na shahada ya sheria na tabia ya kuuliza kwa nini. Siku ya kwanza mkuu wa idara alinikabidhi kwa Bi. Mwanahawa, mkaguzi wa majengo, mwanamke mfupi wa kutoka upande wa Matombo, aliyeanza kazi kwa cheti cha ufundi wakati mimi sijaingia darasa la kwanza. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku anatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa viatu vyeusi vya kisigino, vipya.

"Viatu vya mahakamani hivyo, mwanangu," akasema. "Huku kwetu kesi ziko kwenye tope."

Alikuwa na kapu la ukindu ambalo ndilo lilikuwa ofisi yake. Ndani yake mlikuwa na futi ya fundi ya mita tano, futi kamba ya mita hamsini iliyoungwa kwa gundi mahali pawili, chaki, daftari la mistari, kitabu cha notisi chenye karatasi za kaboni, na kopo la rangi nyekundu lenye brashi iliyofungwa kwenye nailoni. Rangi hiyo ndiyo inayochora alama ya X kwenye ukuta wa nyumba inayotakiwa kubomolewa. Kila mtu mjini aliijua. Nilipomuuliza huinunua mara ngapi kwa mwaka, alifikiri kidogo akasema kopo lile alilinunua kabla ya mjukuu wake wa kwanza kuzaliwa, na sasa mjukuu yuko sekondari.

Nilidhani ananitania mpaka nilipoona anavyofanya kazi. Alikuwa anakwenda kwenye ujenzi mapema, watu wanapochimba msingi. Kumsimamisha mtu kwenye msingi, alikuwa akisema, unampotezea jasho. Kumsimamisha akiwa amepaua unampotezea nyumba, na hapo hata kama sheria iko upande wako, wewe mwenyewe huna amani. Kwa hiyo alizunguka. Aliposikia koleo mahali, alikwenda.

Kesi yangu ya kwanza pamoja naye ilikuwa chini ya mlima, pembezoni mwa mji, ambako mwalimu mstaafu alikuwa anachimba msingi karibu na kijito. Sheria ya mazingira inakataza shughuli ndani ya mita sitini kutoka mtoni. Hilo nililijua na namba ya kifungu nilikuwa nayo. Nikatandaza futi kamba kutoka kwenye maji mpaka kwenye msingi: mita sitini na tisa. Nikamwambia Bi. Mwanahawa kwamba mwalimu yuko salama, twende.

Hakuondoka. Alishuka mpaka kwa wanawake wawili waliokuwa wanafua, akawasalimia, akauliza habari za watoto, akauliza na bei ya sabuni, na mwishoni akauliza mwezi wa nne huwa wanafulia wapi. Wakacheka. Mmoja akanyoosha mkono kuelekea jiwe kubwa lililokuwa juu kabisa, mbali na maji. Masika, walisema, hapa tulipo pana kina cha kumzamisha ng'ombe. Bi. Mwanahawa akaniomba nipime upya kutoka kwenye jiwe. Tukapata mita arobaini na moja.

Nilibishana naye njia nzima. Nani amesema mto unapimwa wakati wa masika? Kifungu hakisemi jiwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Swali zuri. Sasa kalale kwenye ule msingi mwezi wa nne, uniletee jibu." Mwalimu alisogeza nyumba yake juu. Masika yaliyofuata nilikwenda kuangalia peke yangu, kwa sababu mimi ni mtu wa kuangalia, na shimo la msingi wa zamani lilikuwa limejaa maji ya kijito.

Kwa kuwa nyinyi ni wageni, nieleze misingi ambayo kila asubuhi mtaulizwa dirishani. Ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Hakuna anayemiliki udongo wenyewe. Tunachopewa ni haki ya kuutumia. Mjini ni ardhi ya jumla, yenye michoro ya mipango miji na viwanja vyenye namba, na mchoro ndio unaosema hapa nyumba, hapa shule, hapa pabaki wazi. Kijijini ni ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na humo haki nyingi ni za kimila. Sheria inazitambua hata kama hazijaandikwa popote. Na kule juu ni msitu wa hifadhi, ambako hutajenga hata banda la kuku.

Kibali cha ujenzi ni kitu kingine kabisa. Kibali kinasema jengo la namna hii linaweza kusimama mahali hapa, likikaguliwa kwenye msingi, kwenye linta na kwenye paa. Hakisemi mahali hapa ni pa nani. Watu wengi huchanganya haya mawili, na wenye shahada huchanganya kwa kujiamini zaidi.

Namna Bi. Mwanahawa alivyofika kwenye eneo la ujenzi ilinikera kwa muda mrefu. Hakuanza na karatasi. Alikaa juu ya tofali, akawauliza mafundi wanachanganya ndoo ngapi za mchanga kwa mfuko, nani anawapikia, maji wanachota wapi. Karatasi aliziomba akiwa amesimama kuondoka, kama mtu aliyekumbuka mwavuli wake. Mimi niliona ni kupoteza saa za serikali. Nikaanza kuandika kwa siri kwenye daftari ni mafaili mangapi yangu yanarudi na malalamiko, na mangapi yake. Niliandika kwa miezi mitatu. Hesabu yenyewe sitawaambia, niliacha kuandika.

Miaka ikaenda. Nikanunua mabuti. Nikajifunza kutambua tofali lililochomwa vizuri kwa kuligonga na ukucha, kusoma mchoro uliochorwa na mtu ambaye hajawahi kuona mteremko, na kuwaambia watu wazima maneno magumu bila kuwavunjia heshima. Nikawa mwepesi. Hapo ndipo hatari ilipo, na ningependa mnisikilize hapa kuliko kwenye habari za mita sitini. Mtu mgeni kazini huogopa fomu, kwa hiyo huisoma. Mzoefu huitambua kwa rangi yake tu.

Mwaka wa saba, wakati Bi. Mwanahawa amebakiwa na miezi miwili astaafu, faili liliteremka kutoka kijiji kimoja cha Mgeta. Mfanyabiashara wa mboga wa mjini alitaka kujenga ghala la kupangia kabichi na karoti kabla hazijapakiwa kwenye malori ya Dar. Ardhi ilitolewa na mkulima aitwaye Fabiani, kwa makubaliano kwamba atakuwa mshirika na msimamizi wa ghala. Ombi lilikuwa la kubadili matumizi, kutoka shamba kuwa jengo la biashara. Kila kitu kilikuwemo: mchoro, makubaliano, sahihi ya Fabiani, sahihi ya mkewe Prisila akiridhia, na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliomalizika kwa maneno mawili yanayopendwa na kila afisa ardhi: hakuna pingamizi.

Fomu ya ukaguzi huanza hivi: "Nimefika eneo la mradi na kujiridhisha kwamba..." Ilikuwa Ijumaa, mvua inanyesha tangu asubuhi, barabara ya Mgeta imeporomoka mahali, na mezani nilikuwa na mafaili kumi na moja. Karatasi zilikuwa safi kuliko zote nilizopata mwaka huo. Nikasaini kwamba nimefika.

Wiki nne baadaye tulipanda wote wawili kukagua msingi. Gari la ofisi lilikuwa gereji, kama kawaida yake, tukaomba lifti kwenye lori la mboga lililokuwa linarudi tupu. Bi. Mwanahawa alikaa mbele na dereva na kapu lake. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia matupu, na kila kona nilijiambia kwamba hakuna kitu kitakachoonekana.

Fabiani alitupokea vizuri. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mkimya, na matuta yake ya ngazi yalikuwa yamekatwa kama kwa rula. Msingi ulichimbwa kwenye tuta pana kuliko yote, karibu na mfereji wa maji. Kule Mgeta pahali pa bapa ni adimu. Ukiangusha kiazi kwenye shamba lako unakwenda kukiokota kwa jirani wa tatu. Kokoto na saruji zilikuwa zimekwisha kupandishwa, na fundi akasema zege litamwagwa Jumatatu.

Bi. Mwanahawa alipima upana wa msingi, akapima kina, akamsifu fundi. Kisha akaanza kutembea pembezoni mwa shamba, taratibu, anatazama mashamba ya juu na ya chini, ambayo yalikuwa na mipichesi, mipea na miparachichi kwenye kingo. Akarudi.

"Baba, wewe ni mkulima hodari," alimwambia Fabiani. "Mparachichi wako uko wapi?"

"Sikupanda, mama."

"Mpichesi?"

"Sikupanda."

"Umelima hapa miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili," Fabiani akasema, akainama kung'oa majani ambayo hayakuwepo.

Fundi alicheka, akaona yuko peke yake, akanyamaza. Mimi sikuelewa. Bi. Mwanahawa alinivuta kando akanieleza, kwa sauti ya chini kwa sababu ya heshima ya mwenye jambo. Kwa Waluguru, kabila lake mwenyewe, shamba ni la ukoo wa mama, wanaouita lukolo. Watoto huwa wa ukoo wa mama yao, na ardhi hufuata huko huko. Mume akija kulima kwa mkewe, anakula na anashiba na hakuna wa kumfukuza, lakini hupanda vitu vinavyokwisha ndani ya mwaka: maharage, kabichi, njegere. Mti wa kudumu hapandi bila ruhusa ya ukoo, kwa sababu anayepanda mti wa kumzidi umri anatangaza kwamba hapa ni pake. Mtu aliyelima miaka ishirini na miwili bila kupanda hata mti mmoja amekuwa akikiri kila msimu, mbele ya kijiji kizima, kwamba ardhi si yake.

Mimi nimekulia Rombo, ambako mgomba na kahawa ni vya baba na babu. Nilikuwa nimekaa Morogoro miaka saba.

"Siku ile ulipofika hapa kujiridhisha," Bi. Mwanahawa akaniuliza, "hukuliona hilo?"

Ningeweza kusema sikuliona. Nilisema sikufika.

Alikunja futi kamba mpaka mwisho, akaitia kwenye kapu. "Ofisi ina watu wengi wa kusaini," akasema. "Mimi nilidhani nimefundisha mkaguzi."

Sijawahi kukemewa vibaya zaidi ya hapo.

Tulimkuta Prisila kwenye kibanda cha kupikia. Nilimwonyesha nakala ya karatasi yenye sahihi yake, nikamuuliza kama ni yake kweli. Akasema ni yake. Nikamuuliza mbona basi aliridhia. Alifuta mikono kwenye khanga, akanijibu bila hasira. "Mliniuliza kama mke, nikasaini kama mke. Hakuna aliyeniuliza kama mtoto wa mama yangu."

Mama yake alikaa juu kidogo. Aliitwa Mama Klotilda, mjane, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo kwa upande ule. Alikuwa anachambua mbegu za njegere kwenye ungo. Lile tuta la bapa ndilo lililokuwa kitalu chao. Miche yote ya mabinti zake watatu na wajukuu ilianzia pale kabla ya kupelekwa kwenye miteremko. Likifunikwa zege, alisema, mteremko utabaki, lakini wa kuulisha miche hakuna.

Nilitoa muhtasari wa mkutano. Jina lake lilikuwemo kwenye orodha ya waliohudhuria. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayedhani amembana shahidi, kwa nini hakupinga siku ile.

Alinitazama kwa huruma. "Mkwe wangu alikuwa amesimama anasema. Mimi ningesimama vipi?"

Mama mkwe na mume wa binti yake huko hawatazamani usoni wala hawabishani mbele za watu. Ni heshima, na ikivunjwa aibu humwangukia mkubwa, si mdogo. Fabiani aliposimama kwenye mkutano, Mama Klotilda alijifunika khanga kichwani, akampa mgongo, akaondoka. Watu wote waliokuwepo waliona na walielewa kwamba mwenye shamba amekataa. Mtendaji wa kijiji, kijana msomi kutoka mkoa mwingine kama mimi, aliona bibi mmoja amekwenda nyumbani. Akaandika alichosikia, na alichosikia kilikuwa kimya. Mwenyekiti alijua. Lakini alilitaka ghala, na alisubiri mtu mwingine aseme.

Niliandika notisi ya kusitisha ujenzi nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha Mama Klotilda, kitabu kwenye magoti. Bi. Mwanahawa hakunisaidia hata herufi moja. Fundi alipokea nakala yake, akauliza Jumatatu afanye nini na mafundi wake sita. 

Ofisini mkuu wa idara alinishauri kwa wema. Akasema niandike kwamba ujenzi umesimamishwa kwa sababu za kiufundi. Msingi haukosi kasoro, ukiutafuta. Faili lingenyamaza na mimi ningebaki msafi. Niliufikiria ushauri huo usiku na mchana wote uliofuata, msidhani sikuufikiria. Lakini sababu za kiufundi hurekebishwa. Fundi angepanua msingi kwa sentimita kumi na zege lingemwagwa Jumatatu ya pili, na karatasi zote zingeendelea kusema kwamba hakuna aliyekataa. Nikaandika kwamba fomu ya ukaguzi ina maelezo ya uongo na kwamba aliyeyaandika ni mimi. Nilipata barua ya onyo, ya kurasa mbili. Imo kwenye faili langu la utumishi. Mkitaka kuelewa maana ya ukaguzi, mwombeni mtunza masijala awaonyeshe. Imeandikwa vizuri kuliko mwongozo.

Notisi ya namna ile lazima ielezwe kwa wahusika, kwa hiyo tulirudi kijijini kwa mkutano. Watu walijaa uwanja wa ofisi ya kijiji. Nilisimama nikasoma yale niliyoyaandika mwenyewe, kwamba nilisema nimefika na sikufika.

Mfanyabiashara wa ghala alikuja na funguo za gari mkononi. "Sasa dada, mimi nielewe vipi?" akaniuliza. "Wewe si ndiye uliyesaini?"

"Ni mimi."

"Na leo umefika kweli, au hii nayo umeisaini kwanza?"

Watu walicheka sana, na nilistahili. Mwenyekiti naye alianza hotuba ya maendeleo, kwamba wawekezaji wanakimbia vijiji vyenye maneno mengi. Bi. Mwanahawa alimsubiri amalize. Kisha akamwomba ruhusa ya kupanga viti, na mwenyekiti, asijue analoruhusu, akaruhusu.

Akamweka Mama Klotilda kwenye kigoda upande wa ukuta, mgongo kwa mkutano. Fabiani akakaa upande wa pili, hatua kama sita, naye anatazama barabarani. Kiti changu akakiweka katikati. Nikaelewa kwamba kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuwa njia ya maneno yao.

"Mwambie mkwe wangu," Mama Klotilda akaanza, "kwamba amelima vizuri."

Nilisita. Hatua sita, na uwanja umetulia kiasi kwamba kuku walisikika. "Mama, lakini anakusikia," nikasema.

Kicheko kingine. "Binti huyu," mzee mmoja akasema, "shule ilimchelewesha."

"Mwambie," Bi. Mwanahawa akasema.

Nikageuka, nikamwambia Fabiani kwamba mama yake mkwe anasema amelima vizuri. Fabiani aliitikia kwa kichwa. Akaniomba nimwambie mama kwamba ana wajukuu saba kwa sababu ya shamba lile. Nikapeleka. Mama akasema anajua, amewabeba wote mgongoni. Nikarudisha. Yalikwenda hivyo kwa muda, na kadiri yalivyokwenda nilianza kuona jambo ambalo hakuna karatasi iliyokuwa nalo. Fabiani alikuwa anazeeka kwenye ardhi ambayo watoto wake wanayo na yeye hana. Ardhi ya ukoo wake mwenyewe iko ng'ambo ya mlima, kwa dada zake, na huko pia ni ya wapwa. Ghala lingekuwa kitu cha kwanza maishani mwake chenye jina lake mlangoni. Hakutaka kumdhulumu mtu. Alitaka kuwa mahali.

Mpaka leo swali hilo sijalimaliza. Mila ile ilimlinda Mama Klotilda, ambaye katika sehemu nyingi za nchi hii angekuwa mjane asiye na kitu, na hapo naiheshimu kwa moyo wangu wote. Mila hiyo hiyo ilimwacha mtu mwema bila pa kuegemea. Nilimuuliza Bi. Mwanahawa haki iko wapi hapo. Akasema swali hilo alimuuliza mama yake akiwa na miaka kumi na miwili, na kwamba nikipata jibu kwanza nimpelekee nyumbani. Atakuwa amestaafu, ana nafasi.

Mwishoni Mama Klotilda aliinamisha kichwa, akarekebisha khanga. Nilidhani amechoka.

"Mwambie," akasema, "lile la bapa hapana. Lile ni tumbo la watoto. Lakini kama anataka mahali pa ghala, ukoo una mahali. Mwambie miaka yote ishirini na miwili hajawahi kutuomba kitu. Anafikiri tungemnyima. Amekwenda kuwaomba serikali kitu ambacho serikali haina."

Niligeuka na maneno hayo. Fabiani alikuwa amekwisha kuyasikia, kama alivyosikia yote, na uso wake ulikuwa umebadilika. Aliacha kutazama barabara, akatazama mikono yake. Nilimwambia hata hivyo, kwa ukamilifu, na sehemu ya serikali pia.

 Mfanyabiashara akafungua mdomo, Bi. Mwanahawa akamtazama, akaufunga.

"Mwambie mama," Fabiani akasema taratibu, "kwamba naomba."

Ghala mtakaloliona mkipanda Mgeta, lile lililo chini kando ya barabara, kwenye kipande chembamba, lilitokana na ombi hilo. Ukoo ulikaa vikao ambavyo sikualikwa, kipande kikakatwa, makubaliano yakaandikwa upya na yana sahihi za wanawake wanne, na mipaka yake niliizunguka kwa miguu kabla ya kugusa kalamu. Lakini siku ile, kwenye ule uwanja, hakuna aliyejua hayo. Nilimgeukia Mama Klotilda, aliyekuwa amesikia kila kitu, nikamwambia polepole, neno kwa neno, kwamba mkwe wake anaomba.